Kitambaa cha Vitone kwenye Kamba ya Uzi

Kitu cha kwanza kupotea kilikuwa kichujio cha chai. Mama Pasi alikitafuta kwenye beseni la vyombo, chini ya jiko, nyuma ya debe la unga, hata kwenye ndoo ya taka. Akamlaumu binti yake, akamlaumu paka wa jirani, mwishowe akachuja chai kwa kipande cha kitambaa na kunyamaza. Jioni alipopita kwenye chumba cha uani alimkuta mumewe ameinama, kikatio cha kucha mkononi, anaukata wavu wa kile kichujio vipande vidogo kama kucha za mtoto mchanga.

“Nondo za madirisha hizi,” mumewe akasema bila kuinua kichwa.

“Na chai tutachujia nini, baba watoto?”

Mumewe akalifikiria swali kwa makini, kama mtu aliyeulizwa ukuta uende juu kiasi gani. Akajibu kwamba chai ikiachwa itulie, majani hushuka yenyewe.

Mtaani walimwita Fundi, basi, kana kwamba hakuna fundi mwingine duniani. Alikuwa mwashi. Kuta nyingi za mtaa ule zilipita mikononi mwake, na mtu akitaka kupigilia msumari nyumbani kwake alikuja kwanza kumuuliza nyuma ya ukuta kuna nini. Kisha jukwaa la mbao likavunjika chini ya miguu yake, nyonga ikaenda upande, na mtu aliyekuwa akibeba mfuko wa saruji begani huku anapiga mluzi akawa mtu wa mkongojo. Miezi ya mwanzo alikaa mlangoni akizitazama nyumba za watu. Halafu siku moja akaomba boksi tupu la sabuni ya unga, akachukua wembe, akakata ukuta.

Huo ukuta mmoja ulimletea mwenzake, na mwenzake akaleta paa. Sasa mlango mkuukuu wa mbao, uliolazwa juu ya mapipa mawili, ulikuwa umebeba mtaa mzima. Kipimo cha Fundi kilikuwa kimoja tu: mtu mzima ni njiti moja ya kiberiti. Mlango ukipita njiti na kichwa chake, unatosha. Dirisha likimfika njiti kifuani, liko sawa. Mabati ya paa aliyapata kwa kulaza karatasi ya rangi ya fedha ya kopo la maziwa juu ya meno ya kitana na kuisugua kwa kijiko mpaka ikaota migongo. Kutu ya mabati hayo aliitengeneza kwa chumvi: alipaka rangi ya udongo, akanyunyiza chumvi yenye maji, akapaka juu yake rangi ya kijivu, na ilipokauka akaisugua chumvi ikadondoka, na bati likabaki limebabuka kama lililonyeshewa miaka na miaka. Vioo vilikuwa plastiki ya pakiti za vidonge vyake vya maumivu. Miti ilikuwa sponji ya vyombo iliyochanwachanwa, na udongo ulikuwa majani ya chai yaliyokwisha kunywewa, yakaanikwa juani. Gundi ilikuwa unga wa ngano uliopikwa. Vibanio vya nguo vilishikilia kuta zikikauka, kwa hiyo nguo za wateja wa mkewe zilikaa kwenye kamba bila vibanio, zinapepea kama zinataka kuaga.

Mama Pasi alikuwa anaona haya. Hilo aliliweka moyoni na kulifungia. Waume wa wenzake waliostaafu au kuumia walikuwa wanauza vocha, wanalinda maduka, au angalau wanakaa barazani na kubishana habari za mpira kama watu wazima. Wa kwake yeye alikuwa anakata maboksi. Mteja akiuliza Fundi yuko wapi, alisema anarekebisha redio. Akiuliza tena wiki nyingine, redio ile ilikuwa bado haijapona. Mlango wa chumba cha uani aliufunga, na mtaa wa maboksi aliufunika kwa shuka kuukuu, akimwambia mumewe ni kwa ajili ya vumbi.

Yeye kazi yake ilikuwa kufua na kupiga pasi nguo za watu, na jina lake lilitoka huko. Meza yake ya pasi ilikaa dirishani, chumba cha mbele, na dirisha lile lilitazama mtaa kutoka mwanzo hadi mwisho. Watu walitania kwamba Mama Pasi hupiga pasi kwa mikono na hupiga doria kwa macho. Alijua nani katoka saa ngapi, nani kabeba nini, mtoto wa nani anarudi na mtoto wa nani. Hakuwa mmbeya. Alikuwa mtu wa hofu tu. Binti yake alikuwa amefika umri wa kusindikizwa, na yeye aliona heri ajue mapema anasindikizwa na nani. Juu ya hayo alikuwa na sifa moja aliyoivaa kama nguo ya sikukuu: tangu aanze kazi hiyo, hakuwahi kuunguza nguo ya mtu.

Ndivyo watu walivyoamini. Na aibu ya maboksi, kwa kusema kweli, haikuwa aibu yake kubwa.

Aibu kubwa ilianza siku moja ya upepo. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa mshonaji, mwanamke mpole wa maneno machache, aliyekuwa ametoka kumzika mama yake. Kitu alichobakiza cha marehemu kilikuwa kitambaa cha kichwa, cha buluu, chepesi kama pumzi, chenye vitone vyeupe vidogo kama ncha za sindano. Siku hiyo alikianika kipate hewa, upepo ukakichukua, ukakivusha ukuta, ukakitupa matopeni nyuma ya pipa la maji la Mama Pasi. Mama Pasi akakiokota. Angeweza kukirudisha vile vile na matope yake. Lakini akaona si vizuri kumrudishia mfiwa kitu kichafu. Akakifua kwa mkono, akakikausha kivulini, akakitandika mezani akipige pasi ili akipeleke kimekunjwa vizuri, mtu afurahi.

Pasi ilikuwa juu ya kitambaa alipomwona binti yake kona ya mtaa, amesimama na kijana aliyevaa kofia. Mama Pasi akainama dirishani. Akatazama mikono ya yule kijana iko wapi. Akatazama binti yake anacheka kicheko gani. Alipokumbuka pasi, harufu ilikuwa imeshajaa chumbani.

Doa lilikuwa na umbo la pasi kamili, ncha mbele na kisigino nyuma, la kahawia, katikati ya vitone. Ungedhani mtu amelichora.

Alikaa kitini na kitambaa magotini. Alijiambia atakwenda baada ya chakula. Baada ya chakula mshonaji akaja mwenyewe, macho mekundu, kuuliza kama kuna aliyeona kitambaa cha marehemu mama. Na mdomo wa Mama Pasi ukajibu kabla hajautuma. Ukasema hapana, hajakiona.

Hapo napo angeweza kurudi nyuma. Lakini mshonaji alikuwa amesimama mlangoni, anafikiri kwa sauti. Wifi yake, mke wa kaka yake, aliyekuja kumuuguza marehemu na kukaa hadi msiba ulipokwisha, alikuwa ameondoka asubuhi ile ile. Na wifi huyo alikuwa amekiomba kitambaa hicho kiwe kumbukumbu yake, akanyimwa. Mshonaji alisema hataki kumdhania mtu vibaya. Akamtazama Mama Pasi, mtu anayeona kila kitu, akamuuliza kama alimwona wifi akiondoka.

“Mimi sisemi kitu, dada yangu,” Mama Pasi akasema. “Ila begi lake nililiona. Lilikuwa limejaa kuliko alivyokuja nalo.”

Lilikuwa kweli limejaa. Ndiyo maana alijifariji kwamba hajasema uongo. Lakini neno lile lilikwenda likafanya kazi. Mshonaji alimpigia wifi yake simu, maneno yakapanda, wifi akalia, kaka mtu akaingilia, na tangu hapo nyumba mbili zilizokula sahani moja hazikupeana hata salamu. Mtaani watu walimtaja yule wifi kwa jina la mkono mrefu. Mama Pasi aliwasikia wakilitaja, akainamia pasi yake. Kitambaa alikikunja doa likiwa ndani, akakizamisha chini kabisa ya mfuko wa matambara ulio chini ya meza. Kukitupa aliogopa kitaonekana jalalani. Kukichoma aliogopa moshi. Hivyo kikakaa hapo, karibu na miguu yake, kila siku anayofanya kazi.

Fundi alimaliza mtaa wake wakati mvua zilipokata. Binti, aliyefanya kazi saluni na ndiye aliyemletea baba yake rangi za kucha zilizobaki kwenye chupa, alisema haiwezekani kitu kama kile kibaki chini ya shuka. Mama akasema watu watacheka. Binti akasema wacheke. Wakabishana kwa sauti ya chini jikoni. Aliyekata shauri ni mshonaji. Alikuwa amesikia kwa Fundi mwenyewe kwamba kwenye mtaa ule mdogo lipo hata benchi la nje ya mlango wake, alilokuwa akikalia marehemu mama yake jioni. Alisema anataka kuliona, na kusema hivyo alisema kwa unyenyekevu, kama anayeomba maji. Nani angemkatalia?

Jumapili mchana wakaja. Alikuja mshonaji, akaja fundi baiskeli wa kona ambaye hakosi la kusema, wakaja kina mama wa nyumba za ng'ambo na watoto wao. Mama Pasi alikuwa ameandaa viti na soda, na uso wa mtu anayesubiri kung'olewa jino. Fundi alivaa shati lililopigwa pasi. Akaishika pembe ya shuka, akakohoa, akaivuta.

Hakuna aliyecheka. Kisha watu wakaanza kujitafuta. Mmoja aliona ufa wa ukuta wake. Mwingine aliona tairi lililoshikilia bati lake lisipeperuke, limetengenezwa kwa mpira wa kifuniko cha dawa. Fundi baiskeli aliikuta karakana yake, na nje yake baiskeli ya waya wa kufungia mkate, akasema afadhali hiyo, kwa kuwa ile yake halisi haina mnyororo. Watu wakacheka kicheko kizuri. Mama Pasi alihisi kitu kinamlegea kifuani ambacho alikuwa amekikaza muda mrefu. Akasogea, akatazama kwa mara ya kwanza kazi ya mumewe kama mgeni anavyotazama. Alifuata mtaa kwa macho, nyumba kwa nyumba, kama alivyozoea dirishani, mpaka akafika kwa jirani.

Nyuma ya nyumba ya mshonaji kulikuwa na kamba ya uzi, imefungwa kwenye nguzo za vijiti vya meno. Juu ya kamba, kimekazwa kwa gundi ya unga ili kikae kama kinachopeperushwa, kulikuwa na kitambaa cha buluu chenye vitone vyeupe.

Alikitambua. Fundi alikuwa amemweleza zamani, naye hakusikiliza, kwamba taabu ya nguo ni maua. Ua la kawaida ukilileta kwenye kipimo cha njiti linakuwa kubwa kama gurudumu la lori. Alihitaji kitambaa chepesi sana na chenye chapa ndogo sana, na nyumba nzima hakuna, ila kimoja. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa matambara, akagusa ukingo, akakata kipande kisichozidi biskuti. Kwa kuwa mshonaji alizoea kumpa Mama Pasi vipande vya vitambaa vya kazini, Fundi alidhani ni masalia tu, hakushangaa. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuweka kila kitu mahali pake, alikumbuka alikoona kitambaa cha namna ile kikianikwa, akakianika huko huko.

Mama Pasi akanyoosha mkono. Alitaka kukinyofoa kabla hakijaonwa, lakini gundi ya mumewe ilishika, na kamba yote ikatikisika. Ule mtikisiko ndio uliomwita mshonaji. Akainama.

Mwanzoni alitabasamu. Alisema kwamba Fundi amekumbuka hata kitambaa cha mama. Kisha akakigusa kwa ncha ya kidole. Mshonaji hatazami kitambaa kwa macho peke yake. Tabasamu likamtoka taratibu.

“Hiki si mfano wake,” akasema. “Hiki ndicho chenyewe. Fundi, umekipata wapi?”

“Kipo kwenye mfuko wa...” Fundi akaanza, kwa furaha ya mtu aliyeulizwa habari za kazi yake. Kisha akamwona mkewe.

Walikuwa wameoana miaka mingi. Hakuhitaji kuambiwa. Alimtazama kwa kitambo kidogo tu, akaushika mkongojo wake vizuri, akamgeukia mshonaji.

“Kiliangukia uani kwetu,” akasema. “Nilikiokota mimi. Niliona kitanifaa.”

Soda zilikuwa bado zinatoa povu kwenye glasi. Mama mmoja akamvuta mtoto wake karibu, kama vile kuna kitu kitaanguka. Mama Pasi alifungua mdomo. Ulimi ulikuwa mzito kama pasi yenyewe, na sekunde ile, ambayo ingetosha neno moja, ikapita.

“Ulinijengea nyumba,” mshonaji akamwambia Fundi, bila kupandisha sauti. “Funguo zangu nilikuwa nakuachia. Ungekuja ukaniomba, ningekunyima? Mimi nimemvunjia mtu heshima kwa sababu ya kitambaa hiki.”

Akatoka. Waliobaki waliaga haraka haraka, wakisahau kumaliza soda. Fundi baiskeli, ambaye hakosi la kusema, alisema akiwa kizingitini kwamba kina mama sasa wachunge kamba zao, Fundi bado hajapata mapazia. Walicheka huko nje. Kilikuwa kicheko kile kile alichokiogopa Mama Pasi tangu mwanzo, ila sasa alijua ni nani aliyestahili kuchekwa.

Walipobaki wenyewe binti alimtazama baba, akamtazama mama, akaondoa glasi. Mama Pasi alitaka mumewe amfokee. Angefoka, na yeye angelia, ingekuwa imekwisha. Fundi aliirudisha shuka juu ya mtaa wake, akainyoosha pembe moja baada ya nyingine. Alimuuliza jambo moja tu, kama aliunguza. Akaitikia kwa kichwa. Fundi akasema alifikiri hivyo, maana kwenye ule mfuko kulikuwa na harufu.

Siku zilizofuata vitu vilianza kurudi. Kwanza vibanio vya nguo, vimeoshwa gundi, vimepangwa kwenye kikapu chao. Halafu kitana. Halafu kikatio cha kucha, na chupa za rangi mezani kwa binti, na kibano cha nyusi. Mwisho Mama Pasi aliingia jikoni akakuta kwenye msumari, mahali pake pa zamani, duara tupu la kichujio cha chai na mpini wake. Wavu haukuwepo. Fundi alikuwa amerudisha kilichobaki. Mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni, mikono magotini, anatazama nyumba za watu.

Hata hilo Mama Pasi angeweza kulimeza, kama alivyomeza mengine. Lililomshinda alilionea dirishani. Fundi alikuwa anakwenda dukani na mkongojo wake, polepole, ubavuni mwa nyumba za ng'ambo. Mama mmoja alikuwa anaanika. Alimwona anakuja, akaacha kuanika, akaanza kuanua. Alianua nguo mbichi, zinazochuruzika maji, akazikumbatia kifuani mpaka Fundi alipopita. Fundi alimsalimia. Akamuuliza watoto hawajambo. Akaendelea na njia yake, kichwa kimeinama kama anayehesabu mawe.

Mama Pasi akaitoa pasi kwenye nguo. Akaizima. Akapiga magoti chini ya meza, akaingiza mkono ndani ya mfuko mpaka begani.

Mshonaji alikuwa kwenye cherehani yake. Hakumkaribisha wala hakumfukuza. Mama Pasi alikitandika kitambaa mezani, juu ya kazi iliyokuwapo, doa likiwa juu. Lile umbo halikuhitaji maelezo. Hata hivyo aliyatoa, yote, ya upepo, ya matope, ya dirishani, ya kijana mwenye kofia. Akasema pia kwamba mumewe hakujua lolote hadi siku ile mbele ya watu.

Mshonaji alipitisha kidole ukingoni mwa doa, akalizunguka umbo zima, ncha hadi kisigino.

“Na lile neno la begi?”

“Nililisema mimi.”

“Uliona ndani kuna nini?”

“Sikuona, dada. Nililiona limejaa tu.”

Mshonaji akainuka, akavaa viatu vya nje. Hakusema wanakwenda wapi, na Mama Pasi hakuuliza. Njia nzima walitembea mmoja mbele, mmoja nyuma.

Wifi alikuwa anafagia nje ya nyumba yake, mtaa wa pili baada ya soko. Alipowaona alisimama na ufagio mkononi na hakuuweka chini. Mama Pasi aliyarudia yote kuanzia mwanzo, na mara ya pili hayakuwa mepesi. Wifi alisikiliza akiwa amemtazama mshonaji, siyo yeye. Yalipokwisha alisema kwamba begi lile lilijaa mashuka ya mgonjwa, yale ya siku za mwisho, yaliyokuwa na damu. Aliona mshonaji hawezi kuyatazama, akayabeba akayafulie kwake. Alikuwa anangoja aulizwe. Hakuulizwa, aliambiwa.

Mshonaji akafunika uso kwa mikono.

“Wewe tutaongea,” wifi akamwambia. Kisha akamgeukia Mama Pasi. “Na wewe, mama, umefika mlangoni kwangu, nimekusikia. Lakini mimi sikusemwa hapa. Nilisemwa kule kwenu. Usije kunisafishia huku, kanisafishie kule kule.”

Hakuwafungia mlango. Aliendelea kufagia, na mshonaji akabaki amesimama pale uani, naye Mama Pasi akaona ni vyema aondoke peke yake. Kitambaa walimwachia mkononi.

Alipofika nyumbani hakuingia ndani. Alizunguka hadi kwenye kamba yake mwenyewe, ile ya mbele inayoonekana na kila apitaye, akaondoa mashati ya wateja, akakianika kitambaa cha buluu peke yake katikati. Akakibana kwa vibanio viwili. Doa lilitazama barabarani. Kisha akavuta kigoda akakaa chini yake.

Watu wakapita. Wa kwanza alikuwa yule mama wa nguo mbichi. Akapunguza mwendo, akatazama, akauliza nini hicho. Mama Pasi akamwambia. Alikiokota, akakiunguza, akakificha, na akamsingizia wifi wa watu kwa maneno ya kuzunguka. Fundi hakuiba kitu. Yule mama alisema, “Ehee,” akaenda zake kwa mwendo wa mtu aliyebeba habari. Fundi baiskeli naye akaja. Akaambiwa maneno hayo hayo. Kwa mara ya kwanza alikosa la kusema, akarudi kazini anakunakuna kisogo. Mama Pasi aliyasema kwa kila aliyeuliza, na kila mara uso ulimuwaka upya, wala hakuzoea. Kabla jua halijazama wateja wawili walikuwa wametuma watoto kuchukua nguo zao, zilizopigwa pasi na zisizopigwa. Alizikunja, akawapa.

Kitambaa kilikaa kwenye kamba siku kadhaa. Mshonaji alikiona akipita, hakukiondoa. Siku moja alipita na wifi yake, wakasimama kidogo ng'ambo ya barabara, wakatazama, wakaendelea. Mama Pasi aliwaamkia kutoka dirishani. Wifi aliitikia. Mshonaji aliinamisha kichwa tu.

Asubuhi moja Mama Pasi hakukiona kitana. Hakukitafuta. Alichana nywele kwa vidole, akapita kwenye chumba cha uani. Shuka ilikuwa imekunjwa, na mumewe ameinama juu ya mtaa, miwani puani.

Kwenye kamba yao wenyewe, mbele ya nyumba yao ya boksi la sabuni, kulikuwa na kitambaa kipya cha buluu, kikubwa kidogo kuliko kucha ya dole gumba. Doa alikuwa amelitia kwa maji ya chai, tone moja, limevutwa kwa ncha ya sindano mpaka likapata umbo. Kingine, cha nyuma kwa mshonaji, hakikuwepo tena. Uzi ulikuwa mtupu.

“Lazima ukiweke?” akamuuliza.

“Kipo nje,” Fundi akasema. “Mimi naweka kilichopo nje. Ukikiondoa nje, nitakiondoa na huku.”

Mama Pasi alisimama, haya zikimpanda shingoni kama siku ya kwanza. Kisha akainama, jicho moja amelifumba, akatazama kwa karibu kama anavyotazama ukosi wa shati.

“Umekigeuza,” akasema. “Hapa doa linatazama ukutani. Langu linatazama barabarani.”

Fundi akainama akatazama. Akachukua kibano cha nyusi, akakigeuza kitambaa.